Bwana Msa na Vidato vya Mnazi

Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, hapa Bagamoyo, baada ya chakula cha mchana. Tumeyachapisha kama yalivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wa zamani ambao Mungu amewajalia kuwapo leo, walimu wa sasa, ndugu zangu niliolala nao bweni moja, na ninyi vijana mliorithi madawati yetu pamoja na majina tuliyoyachonga juu yake:

Nilipoandikiwa barua ya kuja kusema hapa, Katibu alinipa ruhusa ya kuchagua habari yo yote niipendayo, ila alinisihi nisiseme juu ya maendeleo, kwa kuwa wasemaji wawili wa kunitangulia wangelisema jambo hilo kwa kirefu. Mmewasikia. Basi mimi nitasema juu ya maiti iliyookotwa chini ya mnazi.

Naona baadhi ya wake zetu wanatazamana. Msihofu, mabibi, habari yenyewe si ya damu. Ni habari ya kitabu kimoja, mzee mmoja mgema, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa mwoga. Nitaanza na kitabu, maana vijana wa siku hizi hawakijui, na sisi tuliokijua tumekisahau.

Katika miaka ya 1957 na 1958 palifanywa mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili, yakisimamiwa na East African Literature Bureau. Aliyepata zawadi ya kwanza alikuwa Mzanzibari, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, Muhammed Said Abdulla. Bwana huyu hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alipomaliza shule mwaka 1938 alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, kisha akaingia magazetini. Tangu 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akachukua uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Tanganyika, akakaa na kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Hebu fikirini: mtu anashinda mchana kutwa na mambo ya wakulima, na usiku anakaa mezani kuua watu kwa kalamu! Hadithi iliyoshinda ilichapwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Baadaye vikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vinginevyo mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki dunia mwaka 1991.

Katika vitabu hivyo mfumbuaji wa mambo ni Bwana Msa. Si askari, wala halipwi na mtu. Ni raia mwenye kiko chake, na rafiki yake Najum anayemwuliza yale ambayo sisi wasomaji tungetaka kumwuliza. Polisi yupo, Spekta Seif, naye si mjinga, lakini ana haraka ya kazi. Bwana Msa hana haraka. Huvuta kiko, huuliza vijambo vidogo vidogo ambavyo mtu mwingine angeona haya kuviuliza, na mwishowe huketi akaeleza. Katika kile kitabu cha kwanza mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wa shamba wanapaogopa, na wengi wako tayari kusema kwamba wenyewe wa mahali hapo wameghadhibika. Bwana Msa hakubali. Aliyeua ni nani sitawaambia. Msio­soma mkasome.

Wenzake walifuata. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika miaka ya sabini akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kijana wa bastola na ndege. Nakiri kwamba bwenini Willy Gamba alipendwa zaidi. Kufa na Kupona, cha mwaka 1974, kilisomwa chini ya blanketi kwa tochi mpaka jalada likabanduka, na kila mmoja wetu alitaka kuwa Willy. Sikupata kumsikia mvulana hata mmoja aliyetaka kuwa Bwana Msa.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mtakumbuka, ninyi wa rika langu, kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu hapo nchi nzima ikawa darasa. Watu walisoma chini ya miembe, katika maghala ya chama cha ushirika, na misikitini baada ya sala. Ilipofika Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa zima. Walimu hawakutosha, na kwa hiyo wanafunzi wa sekondari tuligawiwa madarasa. Mimi, nikiwa kidato cha pili, nilipewa wazee kumi na wanne wa kijiji kimoja kilicho kusini ya mji, upande wa njia ya Kaole. Jina la kijiji sitalitaja, kwa kuwa watoto wa wahusika wako hai, na wengine wamesomea hapa hapa.

Katika wazee wale alikuwamo mgema mmoja, mtu wa makamo ya baba wa baba yangu. Miguu yake ilikuwa imepinda kama kamba ya ngalawa kwa kupanda minazi tangu utoto. Alikuwa ameacha kupanda, mgongo ulimkataa. Kunapo darasa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na aliniamkia "Shikamoo, mwalimu", jambo lililonitia aibu hata nikamwomba aache. Akasema, "Basi wewe uniamkie mimi tukionana njiani, na mimi nitakuamkia wewe tukiwa darasani." Tukaafikiana hivyo.

Alifaulu mtihani. Siku ya pili yake akaniuliza: "Mwalimu, vile vitabu vya kilimo na uvuvi nimevimaliza. Wazungu na wasomi wanasoma nini wakimaliza vyao?" Mimi nilikuwa na nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopita mikono mingi na kukatika kurasa za mwisho. Nikampelekea hiyo kwa sababu sikuwa na kingine. Alisoma kurasa mbili kwa siku, kwa sauti, kidole chini ya neno, na wenzake wakakaa kumsikiliza. Miezi kadhaa ilipita. Alipofika mahali kitabu kilipokatika, darasa lote lilinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekichana.

Yule mzee alifunga kitabu, akatafuna tambuu yake kimya, kisha akamtaja muuaji. Nilikuwa nimekwisha kukisoma chote kwa kuazima kwa mwenzangu. Alisema sawa. Nilipomwuliza amejuaje, alinijibu kwamba kila aliyesemwa kitabuni alikuwa na haja yake, isipokuwa mtu mmoja ambaye mwandishi alimpitisha upesi upesi, "na mtu akipitishwa upesi mbele yako, mwalimu, ujue amebeba kitu."

Tangu siku hiyo wazee wenzake wakamwita Bwana Msa, naye akakataa, akasema yeye havuti kiko.

Ulikuwa mwaka 1976, mwezi wa Mei, masika inakwisha, ardhi imelowa na kila kitu kimeota kuvu. Usiku wa Jumamosi mimi na wenzangu wawili tuliruka ua tukaenda ngomani mjini. Walimu mliopo naomba radhi, miaka imepita. Wenzangu walirudi mapema. Mimi nilichelewa, nikarudi peke yangu karibu na alfajiri, na kwa kuogopa mlinzi nikazunguka kwa njia ya mashambani. Katikati ya minazi nikaona mwanga wa tochi. Nikajilaza nyasini. Wakapita watu wawili wamechukua kitanda cha kamba, na juu yake kitu kimefunikwa shuka. Nikafikiri moyoni kwamba ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Lakini hospitali iko mjini, nao walikuwa wanaupa mji mgongo. Mmoja wao akasema, "Taratibu, taratibu." Sauti ile niliijua. Nilikwisha kuisikia mara nyingi, kwani mwenyewe alikuwa akija shuleni kwetu kutuhutubia juu ya nidhamu.

Asubuhi ya Jumapili habari zikaja. Mgema mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi, mtu mfupi, mchangamfu, aliyetuuzia madafu kwa mkopo, amekutwa amekufa chini ya mnazi. Mnazi wenyewe ni wa bibi mmoja mjane. Polisi wakaja, wakaona mgema chini ya mnazi, shingo imevunjika, wakaandika kwamba ameanguka. Siwalaumu. Mtu ye yote angeandika hivyo. Akazikwa siku ile ile kabla ya magharibi.

Kwa polisi jambo likawa limekwisha. Kwa kijiji ndipo lilipoanza. Ninyi mliokulia pwani mnajua: hakuna aliyebisha kwamba mnazi umemwangusha, swali lilikuwa nani ameutuma mnazi. Na yule bibi, wiki mbili nyuma, alikuwa amegombana na marehemu hadharani juu ya nazi zilizopotea, akamwambia, "Utaona." Neno hili moja tu. Bibi huyu alijua dawa za watoto, za mchango na degedege, na watoto wa nusu ya kijiji kile walipona mikononi mwake. Sasa ujuzi ule ule ukawa ushahidi. Ikasemwa kwamba ametia fingo katika minazi yake, na kijana wa watu ameugusa.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia. Waingereza wana bibi kizee wao wa hadithi, Miss Marple, aliyezushwa na Agatha Christie. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1930. Anakaa kijijini, anafuma sufu, anamjua kila mtu na aibu yake, na mtu akiuawa yeye ndiye anayefumbua. Nilipokisoma, ukubwani, nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Bibi kama yule, asiye na mume, mwenye macho makali, anayejua mambo ya watu, angekuwa kwetu mwaka ule asingeulizwa nani ameua. Angeambiwa kwamba ni yeye. Na wala si mambo ya zamani tu, wala si ya pwani peke yake. Kule Usukumani vizee wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni!

Bibi yetu alikuwa akituuzia kashata na mihogo ya kuchoma pale langoni. Jumatatu hakuna aliyenunua. Nami sikununua, kwa kuwa niliona haya kununua peke yangu. Tena nikasimulia bwenini habari ya fingo kama nilivyoisikia, nikaongeza na langu. Hili ndilo linalonichoma zaidi. Mtu niliyeona kitanda kwa macho yangu, niliketi juu ya kitanda changu nikisimulia fingo. Nilikuwa ninajua na sitaki kujua. Kusema nilichokiona maana yake ni kusema nilikuwa wapi, na mwaka ule mvulana mmoja alikuwa amekwisha kufukuzwa kwa kuruka ua.

Jumanne usiku mawe yalipigwa juu ya makuti ya nyumba yake. Jumatano jioni akafunga mzigo, akaondoka kwenda kwa ndugu zake ng'ambo ya Ruvu, na kuku wake akawaacha wazi.

Jumanne hiyo hiyo mchana yule mzee alinikuta njiani. Nikamwamkia. Akaniambia, "Twende ukanisomee kitu." Nikadhani ana barua. Akanipeleka mpaka kwenye ule mnazi wa bibi.

Neno hili kidato, ambalo ninyi vijana mnalihesabia miaka ya shule, linatumika pia mnazini. Ni ule mkato unaochongwa katika shina ili mkwezi apate pa kukanyaga. Mnazi hauponi jeraha kama mwembe. Mkato ukishakatwa umekatwa, unabaki pale pale, kimo kile kile, mpaka mnazi ufe. Mzee akaniambia niweke mguu katika kidato cha kwanza na mwingine katika cha pili. Nikajaribu. Mimi nilikuwa mrefu, na bado nilitanuka kama mtu anayepanda lori. "Hivi vimechongwa na marehemu mume wa bibi," akasema, "naye alikuwa jitu. Aliyekufa ni mfupi. Angeupanda huu, angechonga vyake katikati, au angekuja na kamba ya miguuni. Kamba imeonekana?" Haikuonekana. "Sasa soma ndani ya kidato." Nikatazama. Kuvu la kijani lilikuwa limejaa ndani ya mikato, laini kama bahameli, halina mkwaruzo hata wa kucha. Toka masika ianze hapana mguu wa binadamu uliokanyaga pale. "Na huko juu?" Nikatazama juu. Hapakuwa na kibuyu wala panda lililofungwa. Mnazi ule ulikuwa haugemwi.

"Na kotama yake iko wapi?" akaniuliza. "Mgema akianguka, kotama huanguka naye. Au mtu ameipokea njiani?"

Siku ile nilipaswa kusema. Nilimjibu kwamba nimechelewa kengele ya shamba, nikakimbia.

Alhamisi alikuja darasani akasomesha wenzake yeye mwenyewe, kwani mimi sikuwa na sauti. Walipokwisha kutoka akasema, "Kuna mnazi mmoja unalia, twende." Jua lilikuwa linatua. Tukapita mashamba matatu, tukakaribia ua wa yule mkubwa niliyemtaja, mtu aliyekuwa na cheo kidogo kijijini na maneno mengi. Alikuwa hodari wa kuhimiza watu waache tembo wakaongeze bidii shambani. Nyuma ya ua wake, mahali pasipoonekana kutoka njiani, palikuwa na mnazi unaovuma kwa nyuki. Mgema hupanda asubuhi, mchana na jioni. Akikosa siku moja tu tembo hufurika. Hili lilikuwa limefurika siku nne. Limetiririka shinani, limechacha, siafu wamepanga mstari. Juu kabisa kibuyu kilikuwa kinaning'inia. Na vidato vyake vilikuwa karibu karibu, vipya, vyeupe, vya mtu mfupi.

Mzee hakuvigusa. Akavitazama tu, akasema kwa sauti ndogo, "Kijana alikuwa anachonga vizuri." Nadhani yeye ndiye aliyemfundisha, lakini sikuthubutu kumwuliza.

Tulipokuwa tunarudi akaniambia hivi: "Mwalimu, mti umesema aliyepanda. Aliyebeba mti hausemi. Nikienda barazani na habari ya kuvu na nyuki wataniambia nimekula kitabu chako nikalewa. Anatakiwa mtu aliyeona." Hakunitazama alipokuwa akisema. Mpaka leo sijui alikuwa anajua au alikuwa akitumaini tu. Lakini kumbukeni lile neno lake juu ya mtu anayepita upesi upesi mbele yako, nami nilikuwa nimetoka mbio siku ya Jumanne.

Ijumaa usiku nilimwambia. Hakuniuliza kwa nini nimekaa kimya. Alisema tu, "Basi kesho uoge mapema."

Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya Mkuu wa Shule nikasema yote, na ngoma, na ua, na kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwa miguu mpaka kijijini hatukusemezana. Wazee wakakusanywa. Mbele yao nikarudia, magoti yakinigonga, na baada yangu yule mgema mzee akawachukua wote, mkubwa akiwamo, mnazi kwa mnazi. Aliwaambia waingize vidole katika vidato vya bibi. Naona hata leo vidole vile vya wazee vikitoka na ukijani.

Yule mkubwa hakukana. Alikaa chini palepale mchangani. Akasema kwamba kijana alikuwa akimgemea kwa siri na kumletea nusu ya fedha, kwamba usiku ule alipanda katika mvua kwa kuwa mchana wangeonwa, akateleza, na walipomfikia alikuwa amekwisha kukata roho. Daktari naye alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba shingo ilivunjika mara moja. Akasema aliogopa aibu. Walimbeba mpaka kwenye shamba lililo mbali na kwake, na kwa kuwa bibi alikuwa hana mtu wa kumsemea, wakamweka kwake. Hilo la mwisho hakulisema yeye. Alilisema yule mwingine aliyeshika miguu ya kitanda, na alilisema akilia. Kotama ilitolewa darini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkihesabu kama zinavyohesabu hadithi, hapakuwa na muuaji. Mkubwa akaondolewa katika cheo chake, akahama mwaka uliofuata. Mimi nilichapwa viboko na kuchimba shimo la choo kwa majuma mawili, shimo ambalo nasikia lilitumika mpaka miaka ya themanini. Sikufukuzwa.

Vijana wa kijiji walikwenda kumleta bibi kwa ngalawa. Walimwezekea upya nyumba yake, na waliokuwa wamepiga mawe walijulikana kwa bidii yao ya kuleta makuti. Nilikwenda kumsalimu. Nikampigia shikamoo, akaitika, akanipa dafu. Nikiwa ninakunywa akaniuliza: "Mjukuu wangu, siku ile ya kwanza, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia, "Ndiyo, bibi."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kuku wangu saba walipotea." Nikarudi shuleni. Tangu wiki ile mpaka nilipomaliza kidato cha nne nilinunua kashata kwake kila siku, hata siku nilizokuwa sina njaa, naye alinirudishia chenji yangu mpaka senti ya mwisho bila ya kuongeza hata moja ya bure, ingawa wenzangu aliwaongeza.

Mzee mgema alifariki miaka minane baadaye. Nilikuwa kazini mkoa wa mbali, nikapata habari mwezi umekwisha pita. Juzi nilipofika nilipita mashamba yale. Minazi mingi imekufa au imekatwa, na viwanja vimepimwa. Ule wa bibi haupo. Ule wa nyuma ya ua upo, mrefu kupita kiasi, umeinama, na vidato vya mtu mfupi vinaonekana bado ukivifuata kwa macho tangu chini.

Ndugu Mwenyekiti, ninaona Katibu anatazama saa yake. Nimekuja na kitu kimoja kwa ajili ya maktaba. Ni ile nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo mzee aliagiza nirudishiwe, na mjukuu wake akanitunzia. Pembezoni mna alama za kidole chake, rangi ya tambuu, tangu ukurasa wa kwanza. Za mwisho bado hazipo. Msimamizi wa maktaba ameniuliza kwa adabu kama singependa kuwanunulia nakala nzima. Nitainunua, wataipata mwezi ujao. Lakini naomba muwape vijana hii kwanza, na wakifika mahali ilipokatika, wamwandikie Katibu aliyeua ni nani na wamejuaje.